Pua ya Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa mali ya nguo. Mabeseni yalipangwa ukutani, kamba za kuanikia zilipita juu kwa ajili ya siku za mvua, na katikati ilisimama meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua hapa na pale. Juu ya meza zilikaa pasi mbili za mkaa ambazo hakuruhusu mtu yeyote azishike, hata mumewe. Tuseme ukweli, hasa mumewe.

Madobi wengine hutazama nguo. Yeye alianza kwa kuinusa. Kila nguo iliyoingia mle ndani aliishika mabegani, akaileta puani, akafumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, kisha akaamua iende beseni gani. Iliyonuka mafuta ya taa ilienda kwenye maji ya moto. Iliyonuka jasho ililowekwa kwa siki. Alisema doa kwenye nguo nyeusi linaweza kumdanganya mtu macho, ila yeye pua hajadanganywa tangu azaliwe.

Shida ni kwamba ile pua haikuishia kwenye madoa. Mama Pasi alijua ni mume wa nani aliyekuwa baa wakati mkewe anaambiwa yuko kikaoni. Alijua karani gani amebadilisha marashi ghafla, na ni kwa ajili ya nani. Lakini alikuwa mtu wa kutunza siri. Alizitunza mpaka Alhamisi, siku ambayo akina mama wa kanisa walikutana.

Katika nguo zote za mtaa, za mtu mmoja tu hazikupita puani pake, nazo ni za mwanawe mwenyewe.

Kijana alikuwa na miaka kumi na sita na wote walimwita Kinanda, kwa sababu alipokuwa mdogo sauti yake kwenye kwaya iliwatoa watu machozi. Mwanzoni mwa mwaka alikuja mbele ya ile meza ndefu, akasema, "Mama, wewe unafua za watu kutwa. Zangu niachie, nitafua mwenyewe."

Mama Pasi alikaa kitako. Aliiweka pasi pembeni, akalia machozi ya raha, maana katika watu wote ambao alikuwa amewafulia maishani hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Jumapili ile ile alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa mtoto mcha Mungu anayejifulia. Alitia chumvi kidogo, kama kawaida ya ushuhuda, na kufikia mwisho kijana alikuwa anafua zake, za bibi yake na za mjane wa nyumba ya tatu. Akina mama wakashangilia. Wakarudi majumbani na kila mmoja akamkabidhi mwanawe beseni. Kwa muda mrefu baada ya hapo vijana wenzake hawakuwa wanamtazama Kinanda kwa upendo.

Wewe unayesoma umeshaanza kucheka chinichini, na una haki. Mama aliyeweza kunusa uzinzi kwenye kola ya shati hakujiuliza kwa nini mvulana wa miaka kumi na sita ameingiwa na mapenzi ya ghafla na sabuni. Mimi nasema ndivyo tulivyo wazazi. Za watoto wa wenzetu tunachungulia mpaka mshono, za wetu tunashukuru Mungu na kufunga mlango.

Basi likaja joho.

Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa Jumapili kubwa ya wazazi. Kiongozi wa akina mama, mke wa mhazini wa kanisa, alileta furushi la majoho ya kwaya ya vijana yafuliwe. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutangazia, na mtu ambaye Mama Pasi alimheshimu sana na kumsengenya kiasi.

"Dada yangu," alisema Mama Mhazini akishusha furushi, "Jumapili tunakutegemea. Vijana wanatuharibikia. Bangi imeingia mpaka kwenye nyumba za watu wanaosali. Tunataka urudie ule ushuhuda wako mbele ya wazazi wote, na safari hii Kinanda asimame kando yako, watu wamwone."

"Nisimame mimi, mtu wa mabeseni?"

"Usijishushe. Mtoto kama huyo haokotwi barabarani."

Mama Pasi alimsindikiza hadi barabarani, kichwa kimemvimba mpaka kilemba kikambana. Akarudi, akafungua furushi, akaanza kazi. Majoho yote yalikuwa ya zambarau na yote yalifanana. Hayakuwa ya mtu. Yalikaa kwenye kabati la kanisa, vijana wakayavaa siku ya ibada na siku za mazoezi ya mwisho. La kwanza lilinuka jasho. La pili jasho na mafuta ya nazi. Lililofuata likamsimamisha.

Juu kulikuwa na marashi ya bei rahisi. Chini ya marashi kulikuwa na peremende. Na chini kabisa, iliyojikunyata kwenye kikwapa, ilikuwepo bangi.

Nisingependa kumsingizia mtu, lakini jambo la kwanza lililompata Mama Pasi lilikuwa furaha. Moyo ulimruka. Alhamisi ikaonekana iko mbali mno. Akamwita mama mkwe wake, bibi mwenye macho hafifu na masikio makali ambaye kutwa alikaa karibu na mlango akishona vifungo kwa kupapasa.

"Mama, njoo. Nusa hapa."

Bibi akanusa. "Hii sigara ya wendawazimu."

"Ndiyo yenyewe. Kwenye kwaya, mama. Kwenye joho la Bwana. Na mimi nina hakika ni la mtoto wa mhazini. Yule mtoto macho yake mekundu tangu Pasaka."

"Alikuwa na ugonjwa wa macho."

"Ugonjwa gani wa macho unaomfanya mtu acheke peke yake?"

"Linyooshe hilo joho tulione," alisema bibi. "Mtoto wa mhazini ni mfupi. Hata mimi nisiyeona najua ni mfupi, sauti yake hunifikia kiunoni."

Mama Pasi akalinyanyua. Joho likashuka, likashuka tena, likagusa sakafu. Lilikuwa la kijana mrefu. Akaligeuza pindo kuangalia kama limeshushwa, na kweli lilikuwa limeshushwa, karibuni tu, kwa uzi wa buluu, kwa sababu wiki ile uzi wa zambarau ulikuwa umemwishia. Mshono aliujua. Aliushona mwenyewe juu ya meza ile, huku Kinanda amesimama kwenye kigoda akilalamika kwamba anachelewa mazoezi.

"Mbona kimya?" aliuliza bibi. "La nani?"

Mama Pasi aliketi chini kati ya mabeseni, joho mapajani. Aliogopa, na ile hofu ilikuwa na sura. Miaka michache nyuma alimfulia kijana wa nyumba ya nyuma. Nguo zake zilianza kunuka hivi hivi, kwa peremende hizi hizi. Baadaye zikaja chafu zaidi, baadaye zikaacha kuja. Kisha Mama Pasi akaziona sokoni zikining'inia kwenye mitumba, shati moja leo, suruali kesho, na anayeziuza ni kijana mwenyewe, amekonda, hamtambui hata aliyemfulia. Mwisho hakukuwa na nguo ya kuuza wala kijana. Mama yake mpaka leo hupita akiuliza kama kuna mtu aliyemwona.

"La wetu, mama," alisema.

Bibi akaitafuta sindano yake, akaichomeka kwenye kanga ili isipotee. "Haya," akasema. "Sasa tumejua."

Mama Pasi alilifua lile joho kana kwamba linaweza kukiri. Alilisugua, akalisuuza, akalifua upya. Kichwani mambo yalipigana vikumbo. Atampiga. Hapana, atampeleka kwa mchungaji. Hapana, mchungaji atajua, na mchungaji akijua, mke wa mchungaji atajua, na Mama Pasi alizifahamu vizuri mno njia za habari pale kanisani, nyingi akiwa amezichimba mwenyewe. Na Jumapili je? Atasimama vipi mbele za watu, mtoto kando, akishukuru kwa sabuni?

Ikaingia jioni, ikaja saa ya sala. Hapa inabidi nieleze sala za nyumba ile, maana hazikuwa sala za kawaida.

Kila jioni, kabla baba hajaenda kazini, walikaa chumba cha mbele wote wanne, macho wakafumba, kila mtu akaomba kwa sauti kwa zamu. Mwanzoni ziliombwa sala. Lakini miaka ilivyokwenda watu wakagundua kwamba mtu anayeomba hakatizwi. Baba aliyeona mboga ina chumvi hakusema na mkewe, alisema, "Bwana, ujaalie mkono wa mpishi uwe mwepesi." Bibi aliyechoshwa na redio alimwomba Mungu awape watu masikio mazima. Mama Pasi naye alimshukuru Bwana kwa viatu vilivyoachwa katikati ya mlango, vimfundishe subira. Ilikuwa nyumba yenye amani sana. Hakuna aliyegombana na mwenzake, malalamiko yote yalipitia juu.

Jioni ile baba alianza. Alikuwa mlinzi wa ghala, mtu wa maneno machache, tayari amevaa koti lake zito na rungu liko miguuni. Akaombea barabara na kazi. Bibi akaombea kila mtu awe na ujasiri, baba akafumbua jicho moja akashangaa ujasiri wa nini. Ikafika zamu ya Mama Pasi.

"Ee Bwana," alianza, "wewe unaona hata penye giza. Unamwona kijana aliyelelewa katika neno lako, ambaye leo anavuta majani yasiyo yako. Mwambie, Bwana, kwamba mama yake anajua. Mwambie marashi hayasaidii. Mguse, Bwana, au niguse mimi nimguse."

"Amina," alisema baba, asiyejua lolote.

Kinanda naye akaomba. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo.

"Baba uliye mbinguni, nakushukuru kwa mama. Wasaidie pia watu wanaonusa nguo za wenzao, wapate kazi nyingine ya kufanya. Na kama kuna mtu anataka kuniuliza kitu, mwambie nipo hapa hapa, nimekaa karibu na beseni."

"Bwana, mwambie asinijibu hivyo," alisema Mama Pasi, macho bado yamefumba.

"Bwana, mwambie ni yeye aliyeanza," alisema Kinanda.

"Amina, inatosha," alisema bibi. "Fumbueni macho. Nyinyi mmemgeuza Mungu kuwa tarishi. Watu mmekaa goti kwa goti, kila neno mnalipeleka mbinguni ili lirudi hapo alipokaa mwenzio. Yeye hana kazi? Semeni wenyewe."

Wakafumbua macho. Nawaambia kweli, watu wale walitazamana kwa haya kama wageni waliokutana kwa mwenyeji asiyekuwepo.

"Unavuta bangi?" aliuliza Mama Pasi.

"Ndiyo, mama."

Baba alisimama na rungu lake. Koti lilimfanya aonekane mkubwa kuliko alivyokuwa. "Nitamvunja," alisema.

"Kaa chini," alisema bibi. "Ukishamvunja atamuuguza nani, mimi?"

Baba akakaa. Akalitazama rungu, akaliegemeza ukutani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imepungua. "Kwa nini hukuniambia kama kuna jambo linakusumbua?"

"Ningekuambia lini, baba? Nikitoka shule unafunga vifungo vya koti. Nikiamka umelala. Tunaonana kwenye sala, na kwenye sala unaombea barabara."

Baba akafungua kifungo cha juu cha koti.

Hapo ndipo kijana akasema yake. Sauti ilikuwa imembadilika na mwalimu wa kwaya alikuwa amemsogeza mstari wa nyuma, akamwambia achezeshe midomo tu, asitoe sauti mpaka itulie. Mstari ule wa nyuma ulijaa wavulana wa namna hiyo, majoho wamevaa na kazi hawana. Wakati wengine wanafundishwa nyimbo, wao walitoroka nyuma ya tangi la maji la kanisa. Mkubwa wao mmoja alikuwa na msokoto.

"Huimbi?" Mama Pasi alishangaa. "Mwanangu, si Jumapili iliyopita tu nilikusikia? Nilimwambia Mama Mhazini, ile inayopanda juu ni ya wangu."

"Ile ya mtoto wake, mama. Mimi sijaimba tangu kabla ya mvua."

Bibi alicheka kwanza. Alijaribu kukohoa ili kuficha, akashindwa.

"Kila mtu bado ananiita Kinanda," aliendelea kijana. "Kila Jumapili unanisifia kitu ambacho sina. Kisha ukaanza kunisifia na kwa kufua nguo. Ningekuambia nini? Nikivuta, nasahau kidogo kwamba Jumapili inakuja."

"Na Mungu je, hukumwogopa?"

Kijana alifikiri. Hakuwa anafanya utani. "Yeye nilimwomba msamaha kila siku, na kila siku alinyamaza, nikadhani bado tuko pamoja. Wewe hunyamazi. Niliogopa pua yako kuliko jehanamu, mama. Ndiyo maana nikafua."

Mama Pasi akacheka, akicheka akalia, akalia kwa sauti mbele ya mwanawe bila kupitia mbinguni. Alimwambia anampenda. Alimwambia kuhusu mashati ya kijana wa nyumba ya nyuma. Alimwambia anaogopa kumwona sokoni. Baba alichelewa kazini siku hiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hakuna aliyemkumbusha.

Walipochoka kulia, Mama Pasi alifuta pua yake maarufu kwa ncha ya kanga. "Nirudishie nguo zako," alisema.

"Ili uninuse?"

"Nitakunusa mpaka uote mvi."

"Na siku nikiteleza?"

Mama Pasi alitaka kusema hutateleza, lakini aliona kijana anangoja kuona kama atasema hivyo. "Lete nguo hivyo hivyo," akasema. "Usiifue."

Jumapili ikafika. Mama Mhazini akatangaza, watu wakageuka, Mama Pasi akasimama. Alikuwa amemuuliza Kinanda usiku wa kuamkia siku ile aseme nini, naye kijana akamwambia aseme lolote lililo kweli. Hakumwita asimame kando yake. Alimwacha kule kule mstari wa nyuma.

"Ndugu zangu," alisema, "mwanangu hajifulii tena. Nimemwomba anirudishie nguo zake, na sauti yake pia imebadilika, msinisikilize ninapoisifia. Naomba mtuombee nyumba yetu. Na nyinyi wenye vijana, fueni wenyewe."

Akakaa. Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wake. Mama Mhazini peke yake hakucheka. Alimtazama mwanawe kwenye kwaya kwa muda mrefu.

Wiki zikapita, nguo za Kinanda zikaingia kapuni zikinuka chaki, mpira na jasho la kawaida, na Mama Pasi akaanza kulala vizuri. Alhamisi moja, kabla ya mkutano, Mama Mhazini aliingia bila kubisha hodi ya kutosha. Chini ya kanga alikuwa na mfuko wa plastiki. Alitazama nyuma, akaushusha mezani.

"Dada, nina shati hapa. Si la mtu unayemjua. Nataka uninusie tu, uniambie."

Mwezi mmoja nyuma, Mama Pasi angeulipia mfuko ule. Alikuwa bado hajaugusa pale mlango ulipofunguka na Kinanda akaingia kutoka shule, amevaa fulana tu, shati amelishika mkononi.

Alimwona mgeni. Alisimama. Uso ulipoteza rangi, na Mama Pasi alijua kabla shati halijafika mezani, kwa sababu harufu ilifika kwanza. Ilifika na kwa Mama Mhazini. Mke wa mhazini, kiongozi wa akina mama, mwenye sauti ya kutangazia, alikuwa amekaa pale pale.

Kijana angeweza kugeuka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na bombani uani kulikuwa na maji. Akaja mpaka mezani, akaliweka shati mbele ya mama yake.

"Ni la leo," alisema. "Sijalifua."

Mama Pasi alitaka kupiga kelele, alitaka kulifunika lile shati kwa mwili wake mgeni asilione. Akalichukua, akalinusa mbele ya Mama Mhazini bila kuharakisha.

"Asante, mwanangu," alisema.

Mama Mhazini alimtazama kijana, akamtazama mama. Akauvuta mfuko wake taratibu kutoka mezani bila kuufungua.

"Hutaki ninuse?" aliuliza Mama Pasi.

"Hapana. Nakwenda nyumbani nikamngoje atoke shule. Leo sitakuja mkutanoni."

Alipotoka, chumba kilibaki na mama, mwana na shati. Kinanda alisema ni mara moja tu, wale wenzake wa nyuma ya tangi walimngoja kwenye njia ya shule, na hakuweza kukataa. Mama Pasi alimwaga maji ya moto kwenye beseni, akalitosa shati, akasukuma kigoda kwa mguu mpaka upande wa pili wa beseni.

"Kaa," alisema. "Anza mwanzo, nami nafua."

Kinanda akakaa, akaanza.